Mguu wa Kushoto kwenye Shimo la Sita

Kina mama wa kuanika mkonge walikuwa wakiniona nimeshika ile fimbo kubwa, wanavaa ndoo. Simzushii mtu. Ndoo za plastiki, zile za lita kumi wanazochotea maji ya kunywa. Wanamwaga maji yaliyobaki, wanazigeuza, wanajivika kichwani, halafu wanaendelea kutandaza singa, zile nyuzi za mkonge, kwenye nyaya kana kwamba ni jambo la kawaida. Ndoo kumi na mbili. Nyekundu, bluu, na moja ya kijani ambayo ilikuwa ya mnyapara wao.

Walikuwa na haki, hilo nalisema kabla ya yote. Uwanja wao wa kuanikia uko upande wa kulia wa shimo la sita la kiwanja chetu cha gofu, na mimi nilikuwa sijui mpira mwingine zaidi ya ule wa kwenda kulia.

Gofu Korogwe! Najua utashangaa, hata mimi nilishangaa. Kiwanja kiko ndani ya shamba moja la mkonge nje kidogo ya mji, mashimo tisa tu, kimebaki tangu enzi za mabwana shamba wa zamani. Siku hizi wanacheza watu wachache: daktari mmoja mstaafu ambaye ndiye kapteni, wenye malori wawili watatu, na walimu. Usidhani kuna zile nyasi laini za kwenye televisheni. Kuzunguka shimo kuna mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari. Sisi tunauita brauni, na ukishapita unausawazisha kwa reki ili anayekuja nyuma asikute mashimo ya viatu vyako.

Mimi niliajiriwa pale kufyeka. Hiyo ndiyo kazi niliyotoka nayo kwetu Handeni, na kwa fyekeo simwogopi mwanamume yeyote, aje wa mlimani, aje wa bondeni. Tulikuwa saba, watano wa fyekeo na wawili wa brauni, na mwanamke nilikuwa peke yangu. Kila asubuhi natoka kwangu Masuguru kwa baiskeli, jua likianza kuchoma tayari nimeshalaza nyasi za shimo zima.

Jumatatu wenye kiwanja hawachezi. Basi mwaka mmoja kapteni akatuita, akatupa mfuko wa fimbo za zamani, nyingine zimeshika kutu, akasema, "Jumatatu mkimaliza kazi, chezeni. Mtu hawezi kutunza kitu asichokijua utamu wake."

Wenzangu walipokea kama watu waliopewa soda. Mimi nililia, sioni haya kulisema. Nilikuwa na miaka arobaini na moja na watoto watatu. Tangu nilipomaliza darasa la saba hakuna mtu aliyewahi kuniambia, haya mama, nenda kacheze. Kupika, kulima, kuuguza, kuzika, hayo naitwa kila siku. Kucheza? Thubutu! Kwa hiyo Jumatatu hiyo niliishika kwa mikono miwili, na Jumapili usiku nilikuwa nalala mapema kama mtoto anayesubiri Idi.

Tatizo likawa hilo la kulia. Kapteni alilitaja jina lake, slaisi, kwa sauti ile ile anayomwambia mtu ana malaria. Mpira wangu ulikuwa unatoka vizuri tu, tena unaanza kwa kuelekea kushoto kidogo, unapanda, unapendeza. Ukifika katikati ya safari unapinda. Unapinda kulia, unapinda zaidi, mpaka unaishia mahali ambapo hakuna aliyeuita. Kwenye mashimo mengine ulikuwa unaishia kwenye mkonge, nauingilia na kutoka na miiba mapajani. Kwenye shimo la sita ulikuwa unaishia kwa kina mama.

Wa kwanza ulianguka kwenye singa na kupotea. Wa pili ukagonga nguzo. Wa tatu, Jumatatu moja ya mwezi wa kwanza, ukapiga chupa ya chai ya mnyapara. Alikuwa ameinyanyua kumimina. Chupa ilipasuka ndani kwa ndani, chai ikamwagika kwenye khanga yake, na sentimita chache juu ingekuwa ni uso wake. Nilikimbia kule.

"Shikamoo mama," nikasema. "Nisamehe mama yangu, sikukusudia."

"Marahaba," akasema bila kunitazama. Aliitikisa chupa, vioo vikalia ndani. "Wewe si ni mtoto wa Handeni mwenzangu? Sasa nimekukosea nini kwenu?"

Mama huyo ni wa rika la mama yangu mdogo, mwembamba, ana ulimi mkali kuliko mwiba wa mkonge. Aliuokota mpira, akaubeba pamoja na ile chupa mpaka kwa kapteni, na sisi saba tukamfuata kama watu wanaopelekwa baraza la kata.

Kapteni alisikiliza. Ni mtu mpole, lakini udaktari haujamtoka, anapenda kukata. Akasema, "Mama ana haki. Mtu akiumia pale, kiwanja chote kinafungwa, si Jumatatu yenu tu." Akawaza, akatugeukia. "Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa pili nitakuja mwenyewe. Nyote saba mtapiga kutoka shimo la sita, mama huyu akiwa kwenye kazi yake. Hata mpira mmoja ukitua kwenye singa, Jumatatu ya wafanyakazi imekwisha. Usipotua, mnaendelea."

"Wote saba," mnyapara akasema, akaninyooshea kidole. "Hasa huyu. Msije mkamficha siku hiyo mkasema ana homa."

Wenzangu sita hawana shida. Wapo wanaopiga mpira ukabingirika hatua kumi, wapo wanaopeleka kushoto vichakani, lakini kulia haendi mtu. Jumatatu ya watu saba ilikuwa imening'inia kwenye mkono wangu mmoja. Yule Msambaa wetu wa brauni, mtu wa Lushoto ambaye tunamwita mgosi, akanipiga bega. "Dada, tunakupenda," akasema, "lakini ukitupotezea Jumatatu, mimi nahama brauni narudi kwetu kulima kabichi, na sababu nitakutaja wewe."

Basi madaktari wakawa wengi. Kapteni akaniambia weka kichwa chini, usiuchungulie mpira kabla haujaondoka. Nikaweka kichwa chini mpaka shingo ikakaza, mpira ukaenda kulia. Mgosi akaniambia nishike fimbo taratibu kama nimeshika kifaranga. Nikashika kifaranga, fimbo ikaponyoka, ikaenda mbele kuliko mpira. Mwingine, mtu wa Makuyuni anayejiona mjuzi kwa sababu ameangalia gofu kwenye simu, akasema, "Dawa ni ndogo. Kama unakwenda kulia, lenga kushoto."

Hiyo ilinikaa akilini kwa sababu inasikika kama akili. Nikalenga kushoto. Mpira ukapinda kulia zaidi. Nikalenga kushoto tena, kushoto kabisa, mgongo karibu niwape kina mama, na Mungu ni shahidi, mpira ule ulipinda ukarudi kulia mpaka ukapita juu ya nyaya zao na kutua upande wa pili kwenye njia ya trekta. Hapo ndipo ndoo zilipoanza. Niliwaona wakinong'onezana, halafu mnyapara akaimimina ndoo yake ya kijani, akaivaa. Wengine wakafuata mmoja mmoja.

Loo! Nimewahi kutukanwa sokoni, nimewahi kuachwa na mwanamume, lakini sijawahi kudhalilika vile. Niliitupa fimbo kwenye mkonge kwa hasira. Halafu nikakumbuka kwamba si yangu, ni ya wote, nikaingia kuitafuta, nikatoka nimechanika mkono. Mgosi alicheka mpaka akakaa chini.

Nilipotulia nikafanya kitu ambacho ningekifanya tangu mwanzo kama nisingesikiliza watu. Nikainama kutazama nyasi. Mimi ni mfyekaji. Nyasi zikishapigwa na chuma zinakuonyesha chuma kilipita wapi, zinalala upande kilikoelekea, na hazijui kusema uongo. Pale nilipopigia, fimbo ilikuwa imekwangua alama tatu, zote zimelala kushoto. Nikasimama nikakuna kichwa. Fimbo inakwenda kushoto, mpira unakwenda kulia. Kumbe nilikuwa siupigi mpira ule kwa nyuma, nilikuwa naukwangua ubavuni. Watoto wakisukuma ringi ya baiskeli kwa kijiti, wakiigusa ubavuni inafanyaje? Inazunguka na kupinda. Na kadiri nilivyolenga kushoto ndivyo nilivyozidi kuukwangua, na ndivyo ulivyozidi kupinda.

Ugonjwa nikawa nimeuona, ila chanzo sikukijua. Kwa nini mkono wangu ukwangue? Nilijaribu kuuzuia, ukakataa. Wiki mbili zikaisha hivyo, nikaomba ruhusa ya siku nne kwenda Handeni, maana masika yanakaribia na baba alikuwa ametuita kufyeka shamba.

Baba yangu ana zaidi ya miaka sabini. Kufyeka kutwa nzima hawezi tena, kwa hiyo anatembea nyuma yetu na kutukosoa, kazi ambayo naamini anaipenda kuliko ile ya kwanza. Siku ya pili tulikuwa mimi na kaka yangu kwenye mstari, jua limepanda, na kaka akawa ananidhihaki kuhusu huo mchezo wa Wazungu. "Hebu tuonyeshe," akasema, "huo mpira unapigwaje." Nikaona nimwonyeshe. Nikaweka kokoto chini, nikalishika fyekeo kwa mikono miwili kama fimbo, nikasimama sawasawa, miguu yote miwili kwenye mstari kama kapteni alivyonifundisha, nikainua mikono.

"Mguu!" baba akapiga kelele kule nyuma.

Na mguu wangu wa kushoto ukarudi nyuma.

Sikuurudisha mimi. Nasema ulirudi wenyewe, kabla sijajua nimesikia nini. Nikabaki pale nimeinua fyekeo juu, nautazama mguu wangu mwenyewe kama namtazama mgeni.

Ngoja nikueleze. Nilipokuwa darasa la nne tulikuwa na msaragambo, ile kazi ya pamoja, ya kufyeka shuleni, nikajikata ugoko wa mguu wa kushoto. Nililetwa nyumbani nimebebwa. Kovu lake ninalo mpaka leo, refu kama kidole. Nilipopona, baba hakuniambia niache fyekeo, kwetu hakuna kuacha fyekeo. Alinifunga kitambaa chekundu kwenye ule mguu, akanisimamisha shambani, na kila nilipoinua mkono alipiga kelele, "Mguu!" na mimi nauvuta nyuma, mbali na makali. Akanifundisha na kuvuta fyekeo kuja upande wangu, lisimfikie mwenzangu kwenye mstari. Akanifundisha na kukaza kiganja kisigeuke, maana kikigeuka ncha inazama ardhini. Alifanya hivyo msimu mzima. Mpaka leo, miaka thelathini baadaye, sijajikata tena hata mara moja.

Nikazitazama nyayo zangu kwenye vumbi. Wa kulia mbele, wa kushoto umejivuta nyuma nusu hatua. Nyasi zimelala kushoto. Kiganja kimekaza. Yaani pale Korogwe kwenye shimo la sita nilikuwa sichezi gofu hata kidogo. Nilikuwa nafyeka! Nasimama vizuri, kapteni ananitazama anaridhika, halafu fimbo ikipanda tu, mguu unaikumbuka sauti ya baba na kukimbia. Hakuna aliyeuona kwa sababu wote walikuwa wanatazama mikono na mpira. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mguu wangu ulikuwa unashtuka kila Jumatatu.

Nilicheka mpaka kaka akaniuliza kama jua limenipiga.

"Baba," nikasema, "umeniharibia gofu yangu."

"Nimekuachia mguu wako," akajibu. Akasogea karibu, akaniambia nieleze. Nikamweleza yote, chupa ya chai, ndoo, Jumatatu ya watu saba. Alisikiliza akiwa amekunja uso, halafu akauliza swali moja. "Hiyo fimbo yenu ina makali?"

"Haina."

"Sasa mguu unaogopa nini?"

Niliporudi Korogwe nilikuwa na siku kumi na moja za kuuelimisha.

Nyuma ya nyumba yangu Masuguru nililaza mlingoti wa mkonge, ule mti mrefu mwepesi unaotoka katikati ya mmea ukizeeka. Niliuweka nyuma kabisa ya kisigino changu cha kushoto. Nikachukua mpini wa jembe, nikaanza kuuzungusha bila mpira. Nikiinua mpini tu, mguu unakimbia, kisigino kinagonga mlingoti. Ko! Narudi. Ko! Asubuhi ya kwanza sikumbuki hata mara moja ambayo haukulia. Jirani alichungulia juu ya ua akauliza kama nafukuza nyoka. Nikamwambia, "Naufundisha mguu." Akaenda kuwaambia wengine, na kesho yake nikawa na watazamaji wenye miswaki mdomoni.

Mazoea yana taabu, hilo wazee hawakukosea. Nilikuwa naongea na mguu ule kwa sauti. Tulia. Hakuna makali. Nani kakuita huko nyuma? Mara nyingine nilikuwa naukasirikia, naukanyagia chini kwa nguvu, na hapo ndipo unakimbia zaidi. Siku ya tano nikagundua kwamba ukali hausaidii. Nikawa nauweka mbele taratibu, nauegemeza uzito kidogo, napumua, ndipo nainua. Ko zikapungua. Siku ya saba nilihesabu mara ishirini mfululizo bila ko, nikapiga kigelegele peke yangu nyuma ya nyumba saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Mkono nao niliutafutia dawa yake, na dawa hiyo ilikuwa kwenye beseni. Nilikuwa namaliza kufua, nikainua beseni la maji machafu, nikayarusha uani, yakaenda mbali mpaka kwenye migomba. Nikasimama. Hebu, nimefanyaje? Nilijaza beseni tena, maji masafi safari hii, Mungu anisamehe kwa kuyapoteza, nikayarusha polepole. Mikono inaanzia kwenye nyonga ya kulia, inatoka kwenda nje, mbele, na viganja vinageuka mwishoni ili maji yatoke yote. Haivutwi kuja kwangu hata kidogo. Maisha yangu yote nilikuwa na mikono miwili ndani ya mwili mmoja, mkono wa fyekeo na mkono wa beseni, na kwenye gofu nilikuwa natumia ule usiohusika. Tangu hapo, kabla ya kupiga, nilikuwa namwaga beseni moja akilini.

Nilienda kujaribu kwenye shimo la pili, ambako upande wa kulia ni mkonge mtupu na hakuna chai ya mtu. Mpira wa kwanza ulipinda. Wa pili ulipinda kidogo. Wa tatu, wallahi, ulikwenda mbele ukaendelea kwenda mbele, nikawa nausubiri upinde, nausubiri, mpaka ukaanguka. Sikuamini. Nilipiga kumi, minane ikanyooka. Miwili iliyopinda niliijua sababu yake kabla hata haijafika juu, kwa sababu nilikuwa na haraka, na mguu ukapata nafasi ya kutoroka. Miwili kati ya kumi. Usiku wa kuamkia Jumatatu ile niliiwaza hiyo miwili tu.

Siku ikafika. Kapteni alikuja na mwavuli wake, akasimama pembeni. Kule kwenye nyaya kina mama walikuwa kazini, singa nyeupe zinang'aa mpaka macho yanauma, na ndoo zote kumi na mbili zimeshavaliwa. Nilikwenda kwanza kusalimia, sikutaka ionekane nina kiburi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," mnyapara akajibu kutoka chini ya ndoo ya kijani. "Piga tu mwanangu, sisi tumeshajiandaa."

Kina mama wakacheka. Na mimi nikacheka.

Wakapiga wenzangu sita. Mgosi mpira wake ulikwenda hatua nane, akaufurahia kama ameshinda kombe. Mtu wa Makuyuni akapeleka wake kushoto kwenye kichuguu. Hakuna uliotua kwenye singa. Nikabaki mimi. Mgosi akaniletea mpira mwenyewe, akanipa kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na utani mdomoni. "Dada," akasema, "Jumatatu hii hapa."

Nikasimama. Mguu wa kushoto nikauweka mbele. Nikausikia unataka kwenda, kabisa, kama mbuzi anayevuta kamba. Nikauambia, tulia, haina makali. Nikapumua. Nikamwaga beseni.

Mlio ulikuwa tofauti. Mpira ulipanda juu ya nyasi nilizozifyeka mwenyewe, na mimi nikaushika kwa macho pale katikati ya safari, pale pake pa kupindia, ambapo nimeaibika mara zote. Ukapita pale. Haukupinda. Ukaendelea mbele, ukaanguka, ukadunda, ukabingirika mbali kuliko mpira wowote niliowahi kupiga. Wenzangu walinirukia. Mtu wa Makuyuni alikuwa analia, halafu baadaye akakataa kwamba alilia.

"Rudia!"

Ilikuwa sauti ya mnyapara. Alikuwa ametoka kwenye nyaya, amesimama ukingoni mwa uwanja wao, mikono kiunoni.

"Mara moja ni bahati," akasema. "Arudie."

Wenzangu wakaanza kulalamika kwamba masharti yametimia. Kapteni akakunja mwavuli wake, akawaza. "Mwenye malalamiko ni mama," akasema mwishowe. "Asiporidhika, siwezi kusema jambo limekwisha. Piga mwingine, na sharti ni lile lile."

Nilimgeukia mnyapara nikiwa nimeshapanda hasira, na neno lilikuwa mdomoni tayari. Halikutoka. Maana mama yule alikuwa ameivua ndoo yake ya kijani. Akaipindua chini, kwenye udongo, mahali pale pale ambapo mipira yangu ilizoea kutua, akaikalia. Akaifunga khanga yake vizuri kichwani, akanyoosha miguu.

"Mama, vaa ndoo!" nikapiga kelele.

"Kwani umepona au hujapona?" akauliza. "Kama umepona, nivae ya nini? Kama hujapona, sema tu sasa, turudi kazini."

Niliuona mpira chini, nikaiona miwili yangu kati ya kumi, nikamwona mama wa rika la mama yangu mdogo amekaa wazi. Sitadanganya, niliogopa kuliko siku nilipojikata. Na nilipoogopa nikausikia mguu. Ulikuwa umeshaanza kurudi, kidole gumba kimeshanyanyuka. Nikashusha fimbo. Nikautazama mguu, kovu na yote, nikauambia kwa sauti, mbele ya kapteni na kila mtu, "Wewe ulikwishapona zamani. Miaka thelathini."

Nikauweka mbele. Ukakaa.

Nikapiga.

Sikuutazama mpira, nilimtazama mama. Niliona macho yake yakiufuata, yanapanda, yanakwenda, yanakwenda mbele bila kugeuka kumrudia, mpaka akageuza shingo kabisa upande ule wa shimo. Kisha akapiga kigelegele ambacho nadhani walikisikia hadi ng'ambo ya mto, na kina mama nyuma yake wakakipokea, na ndoo zikaanza kuvuliwa, nyekundu, bluu, bluu, nyekundu. Mgosi akacheza ngoma yao ya mlimani juu ya brauni ya jirani na kuichafua yote. Mimi niliketi chini kwenye nyasi nikalia kwa mara ya pili kwa ajili ya Jumatatu.

Kapteni alinipa mkono. "Nani aligundua?" akauliza. Nikamwambia, "Baba yangu, kwa neno moja." Jioni nikampigia baba simu Handeni kumweleza, naye akasema vizuri, ila nikija kufyeka nisisahau kuurudisha mguu nyuma. Nimeukubali utaratibu huo. Shambani unarudi, kwenye gofu unakaa, na siku hizi wenyewe unajua uko wapi.

Mnyapara nilimnunulia chupa nyingine ya chai. Alinitania kuhusu rangi yake wiki nzima, lakini anaitumia.

Jumatatu iliyopita nilifika shimo la sita, nikachomeka kijiti, nikaweka mpira juu yake. Nikatazama kulia kwa mazoea. Kina mama walikuwa wanatandaza singa na kubishana habari za harusi ya mtu, na fimbo yangu kubwa waliiona wazi. Hakuna aliyeinua kichwa. Ndoo ya kijani ilikuwa kivulini chini ya waya, imejaa maji ya kunywa, kikombe kimepinduliwa juu ya mfuniko wake.